Folda ya Mama Bernadina

"Nakata! Leo nakata huu waya, Mama Bernadina, asije mtu kesho akasema sikusema!"

"Si koleo unalo mkononi? Kata! Kata watu waone!"

Watu wa kuona walikuwepo, tena wa kutosha. Kwa Melania, yaani huyo Mama Bernadina, pale Nyahanga, watu hawajawahi kukosa. Hata siku isiyo na msiba wala sherehe utakuta wanawake barazani wanachambua mchele ambao wala si wao. Ila wiki hiyo walikuwa wamezidi. Walikuja mchana, wakaketi, wakanywa chai, wakawasengenya waliopo na wasiokuwepo, na jua likielekea kuzama hawaoneshi dalili ya kunyanyuka. Melania alifurahi. Alijiambia kwamba ndiyo raha ya kuwa mtu wa watu.

Jashvant, jirani mwenye koleo, alikuwa amepanda juu ya kreti tupu la soda upande wake wa ukuta, kwa hiyo wa upande huu walimwona kuanzia kifuani kwenda juu, kama msomaji wa taarifa ya habari. Alikuwa na duka la vitambaa na vipuri vya baiskeli barabara kuu ya Kahama, na kabla yake alikuwa nalo baba yake. Mji mzima ulimwita Baba Nikhil, kwa jina la mwanawe, na alipokasirika masikio yalimwiva kama nyanya za masalo.

"Narudi nyumbani kupumzika," alisema, sasa akiwageukia wasikilizaji, maana aliona wanamtosha. "Nakaa kwenye kompyuta yangu, sebuleni kwangu, kwenye kiti changu. Nataka kuandika barua moja tu. Mashine inaganda! Namwita Nikhil, beta, mwanangu, kuna nini? Ananiambia, Baba subiri kidogo, Mama Bernadina anafungua folda yake. Subiri! Nyumbani kwangu, nipange foleni!"

Kicheko kikatoka barazani. Melania akakaza kanga kiunoni.

"Na mimi je? Nimeanza kuifungua hiyo folda nikiinjika maharage, maharage yameiva, yamepakuliwa, folda bado! Unadhani nafanya kusudi?"

"Kila anayeingia kwako ana disketi. Wanaingia na disketi kama wanavyoingia na vumbi miguuni! Kirusi kimetoka kwako."

"Sema vizuri, Baba Nikhil. Kirusi, au chawa? Maana ukishaanza kunipekua, malizia."

Na juu ya vichwa vyao vyote ulipita huo waya wenyewe, mweusi, mwembamba kama penseli. Ulitoka dirishani kwa Jashvant, ukaambaa juu ya ukuta, ukavuka ua wa Melania, ukaingia chini ya bati la chumba cha uani, ukatokea chumba cha mbele ambako Melania aliandika kwa rangi nyekundu: TUNACHAPA BARUA, KADI, VITABU. Wengi Nyahanga hawakujua hasa waya ule unabeba nini. Melania alijua kinachomhusu. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, aliyoachiwa na Nikhil, na tumbo lake lilikuwa dogo. Ilijaa kwa barua mbili tatu. Kwa hiyo kazi zake zote zilikaa kwenye folda moja ndani ya kompyuta kubwa ya sebuleni kwa Jashvant, na hata printa ilikuwa huko. Yeye huku alifungua, akachapa, akahifadhi, akaamuru printa, na Nikhil akampitishia karatasi juu ya ukuta. Naye kwa shukrani aliwachapia barua zote za Kiswahili za duka. Tangu alipopunguzwa kazi ya uchapaji kwenye ushirika wa pamba, waya ule ndio ulikuwa jembe lake. Mumewe Theonest alikuwa dereva wa lori, mara nyingi njiani. Watoto walikula kutoka kwenye folda.

Kwa hiyo aliposema "kata", moyo ulisema "usithubutu".

Nikhil alijitokeza kwenye lango, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, mtaratibu, mwenye tabia ya kujibu baada ya kufikiri, jambo lililowaudhi wazazi wake wote wawili.

"Baba, ukikata hatutajua kosa lilikuwa nini. Tupe nafasi mimi na Mama Bernadina tuangalie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ufunge duka."

Jashvant akawatazama mmoja mmoja. "Haya. Nikishafunga duka nakuja na koleo langu. Kama bado inasuasua, sitaki hadithi." Akashuka kwenye kreti, na kichwa chake kikapotea nyuma ya ukuta.

Melania aligeuka akakutana na macho ya katekista Marselino, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ya wateja tangu mchana, kofia mapajani. Kesho yake padri mpya, mtoto wa Kishapu, angesoma misa yake ya kwanza nyumbani kwao. Kijitabu cha misa hiyo, nyimbo, masomo, na picha ya padri kwenye jalada, kilikuwa kimeshachapwa chote, kimebaki kurekebishwa ukurasa mmoja na kutolewa. Kilikuwa wapi? Kwenye folda.

"Mama," Marselino alisema kwa upole uliouma kuliko matusi, "gari langu ni la jioni. Likiniacha, padri atasoma misa kwa kubahatisha."

"Halikuachi, Baba Katekista. Kaa, unywe chai."

Wakaanza kazi. Nikhil alitumbukiza disketi yake ya kusafishia kwenye mashine ya Melania, wakasubiri ikikoroma. Hakuna kirusi. Melania akatamani kupanda yeye juu ya lile kreti akalitangaze hilo. Nikhil akaangalia umeme, uko sawa. Kisha akapaza sauti kuelekea ukutani, akazungumza Kigujarati na mama yake, na mara sauti ya Induben ikarudi kwa Kiswahili ili wote wasikie:

"Imefunguka! Hata kidole sijakitoa!"

"Unaona?" Nikhil alisema. "Sebuleni folda inafunguka mara moja. Folda ni nzima, kompyuta kubwa ni nzima. Yako pia nzima. Mgonjwa ni njia."

"Njia si waya tu?"

"Ndiyo. Fikiria korido ndefu. Ukipiga kelele huku, sauti inatakiwa iende mpaka mwisho, ife hukohuko. Kwangu mwisho kuna kizibo, na kwako nyuma ya mashine kuna kingine. Kazi yake ni kuimeza sauti. Ikiwa katikati kuna kitu kisichotakiwa, sauti inakigonga, inarudi, inavuruga nyingine inayokuja. Mashine zinaanza kuulizana: umesemaje? Rudia. Sikusikia, rudia tena. Ndiyo hiyo unayoiona, haifi, haiponi."

"Kama baraza langu wakiongea wote kwa pamoja."

"Kabisa."

Alifungua vizibo, akavifuta kwa shati lake, akavirudisha. Melania akabofya folda. Ile saa ya mchanga ikatokea kwenye kioo, ikaanza kujigeuza. Wakaitazama kama watu wanaotazama mgonjwa anavyopumua. Ikajigeuza, ikajigeuza.

"Ilianza lini?" Nikhil aliuliza.

Hapo ndipo Melania alipokuwa hodari. Mambo ya korido na sauti yalimpita pembeni, lakini lini, nani, na wakati huo nani mwingine alikuwepo, hakuna mtu Nyahanga aliyemzidi. Aliinua macho darini. Jumapili alichapa kadi za mtu, zilitoka vizuri. Jumatatu asubuhi vizuri. Jumatatu mchana ndipo ilipoanza kukwama. Na kila siku hivyohivyo: asubuhi mashine ni nzima, mchana hoi, usiku nzima tena. Jumatatu kulitokea nini? Jumatatu alifika shemeji yake.

Alisema tu, "Hebu tuufuate."

Wakaufuata waya kwa macho, kutoka ukutani, ukavuka ua, ukaingia chini ya bati la chumba cha uani. Zamani kilikuwa stoo ya magunia ya karanga, mtu angeingia atakavyo. Sasa mlango ulikuwa na kufuli.

Boaz, mdogo wake Theonest, alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, na mji ulikuwa umemsubiri kama unavyosubiri mvua. Alirudi Jumatatu ile juu ya lori, na mzigo mkubwa uliofungwa blanketi, akaubeba mwenyewe kifuani, hakutaka asaidiwe, akauingiza chumbani, akapiga kufuli. Alisema ni vifaa vya kazi. Alisema pia kwamba mganga alikuwa amemfunga dawa ya duara, yaani lile shimo lao la kuchimbia, na mpaka atakaporudi kushuka, mwanamke asivuke kizingiti chake. Melania hakubisha. Mwiko wa wachimbaji unajulikana, na nani atake kuja kuambiwa kwamba ni yeye aliyewafukia watu ardhini?

Alimkuta barazani, katikati ya wanawake, akitafuna muwa na kuwasimulia habari za Geita.

"...duara likitema dhahabu, mayu, mama zangu, hulali. Mchanga wenyewe unang'aa!"

"Shemeji," Melania alimkatiza, "naomba ufunguo wa chumbani. Waya umepita humo, Nikhil auangalie."

Meno ya Boaz yakasimama kwenye muwa. "Shemeji, si nilikwambia? Nimefungwa dawa mimi."

"Mimi siingii. Ataingia Nikhil, mwanamume mwenzako."

"Mtu wa nje ya ukoo ndiyo kabisa. Nina wenzangu kule chini. Nikiwafukia, utakwenda kuwazika wewe?"

Mwanamke mmoja akaguna, "Eeh, Mama Bernadina, mwiko ni mwiko." Na wengine wakaitikia kwa haraka ambayo Melania aliiona ngeni. Tangu lini watu hawa, waliokuwa wakichungulia hadi vyungu vya wenzao, wakajali mlango uliofungwa?

Jua lilikuwa limeshaegemea. Marselino alisimama, akakaa, akasimama tena. Toka barabara kuu ilisikika milango ya mabati ya duka la kwanza ikiteremshwa. Ikiteremka michache zaidi itafika zamu ya Baba Nikhil.

"Haya shemeji," alisema, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayebembeleza kuku aingie bandani. "Mwiko tuuheshimu. Ingia wewe. Ufuate waya kwa mkono wako, ukung'ute, uone kama kuna panya. Nikhil atasimama nje ya mlango. Mimi nitakaa kwenye mashine."

Boaz hakupata pa kukatalia. Akajifuta mikono, akaenda, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.

Melania akaketi mbele ya kompyuta. Saa ya mchanga ilikuwa bado inajigeuza. Akasikia kitu kikiburuzwa chumba cha uani, akasikia *tak*, na hapohapo, bila taarifa, folda ikamwagika kwenye kioo! Barua, kadi, kijitabu. Alibofya kijitabu, ukurasa wa kwanza ukaja, uso wa padri kijana ukimtazama pamoja na miwani yake.

"Imefunguka!" alipiga kelele. "Boaz, umefanya nini?"

"Nimekung'uta tu!"

"Basi usiguse tena! Acha hivyohivyo!"

Akashusha ukurasa, akatafuta mstari wa kurekebisha, akaupata, akasahihisha neno moja, akabofya kuhifadhi. Chumba cha uani kikatoa *tak* nyingine. Ile saa ya mchanga ikarudi.

Melania akaondoa mkono kwenye mashine kama aliyegusa sufuria la moto. Waya haukuwa na panya. Waya ulikuwa na mtu. Kuna kitu Boaz alikitoa, waya ukawa mzima, na kuna kitu alikirudisha. Mwenyewe. Kwa mkono wake.

Nikhil alikuja akaegemea kwenye kizingiti cha chumba cha mbele. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, "Kuna kitu kinaunguruma humo ndani, Mama Bernadina."

"Nimesikia."

"Nimwambie Baba?"

"Ngoja kwanza."

Akatoka nje, akamvuta Boaz kwa mkono wa shati mpaka nyuma ya jiko.

"Toa ulichokiweka. Sasa hivi. Toa, kimya kimya, nitasema ni panya, mambo yaishe."

Boaz aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa majigambo, lakini nyuma ya jiko pale alionekana kama amepungua kilo. "Siwezi, shemeji. Jioni hii siwezi. Nimewaahidi."

"Umemwahidi nani? Nini?"

Alitazama barazani tu. Melania naye akatazama. Wanawake wote walikuwa wamegeuza shingo kuelekea chumba cha uani, na mmoja alikuwa amekuja na mkeka wake kabisa, umekunjwa, uko kwapani. Ikamwingia polepole, kama mwiba. Wiki nzima aliwapikia chai. Wiki nzima alidhani wanamjia yeye.

"Chai yangu yote ile!" alisema kwa mnong'ono.

Na lango likabamizwa.

Jashvant hakupanda kreti safari hii. Aliingia kupitia langoni, kwa miguu yake, koleo mkononi, na vumbi la duka bado kwenye viatu. Hata waliokuwa wakitafuna waliacha.

"Nimefunga duka," alisema. "Imepona?"

Nikhil alimtazama Melania. Boaz alimtazama kwa macho ya mbuzi aliyeona kisu. Panya, macho yalisema. Sema panya. Na Melania alikuwa nalo neno hilo mdomoni tayari, limekaa juu ya ulimi. Akisema kosa liko kwake, basi Baba Nikhil alikuwa na haki tangu mwanzo, tena mbele ya ushahidi, na waya utakatwa kwa haki. Akisema panya, Boaz ataponea, lakini mashine itabaki inasuasua, na waya utakatwa vilevile. Marselino alikuwa ameshavaa kofia.

"Haijapona," Melania alisema. "Ugonjwa uko kwangu. Uko ndani ya chumba kile."

"Shemeji!" Boaz akalia.

"Fungua, Boaz. Usipofungua nitauvunja huo mlango, na mimi ni mwanamke, nitaingia kwa miguu yote miwili."

Boaz akatazama kulia, akatazama kushoto. Ufunguo ulikuwa shingoni, kwenye uzi. Akauvua, akafungua, akasogea pembeni.

Hakukuwa na dawa. Hakukuwa na sururu wala nyundo. Juu ya gunia la karanga, kama kwenye madhabahu, ilikaa televisheni, kubwa, ya rangi ya mbao, inawaka, na kioo chake kizima kinachemka chenga nyeupe. Sakafuni mikeka imetandikwa kwa mpangilio, na nyuma ya mikeka vigoda. Melania akavitambua vigoda vyake vya jikoni alivyovitafuta tangu Jumatano. Na kule juu, chini ya bati, ule waya mweusi ulikuwa umechunwa kwa wembe, ukaungwa na waya mwingine, pakafungwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na huo mwingine ukateremka mpaka nyuma ya televisheni.

"Hii nini?" Jashvant aliuliza.

"Picha," Boaz akajibu sakafu.

"Picha gani?"

"Zenu. Za Kihindi." Akameza mate. "Kila jioni nazisikia hapa ukutani. Mtu analia, mtu anaimba, ngumi zinapigwa. Na huu waya ni uleule wa antena, nimeuona Geita kwa matajiri, na unatoka palepale sebuleni kwenu. Nikasema basi, picha zinapita humu zikienda kwenye ile kompyuta ya shemeji, na yeye anachapa barua tu, zinapotea bure. Nikachota kidogo. Na zilikuwa zinakaribia! Shemeji akifungua mashine yake tu, michirizi inaanza kucheza. Jana nimeona bega la mtu."

"Hata mimi nililiona!" sauti ikatoka barazani. "Lilikuwa na sari!"

Nikhil alikohoa. "Hiyo ilikuwa folda ya Mama Bernadina," alisema.

Mtu mmoja akaanza kucheka, akaona uso wa Jashvant, akameza kicheko chake. Jashvant hakucheka hata kidogo. Akavua viatu mlangoni, kwa mazoea, akakanyaga mikeka, akapanda juu ya kigoda. Akaunyoosha mkono mpaka chini ya bati. Koleo likafunguka mdomo, likaushika waya mweusi, ule wenyewe, mzima.

Melania akavuka kizingiti. Barazani wanawake wakashika vifua.

"Baba Nikhil," alisema. "Waya ni wako, umetoka kwako, na kosa limefanyika nyumbani kwangu. Ukiukata hapo sitapiga kelele. Lakini aliyechota maji ni mmoja, mfereji haukumwita."

Koleo halikusogea. Jashvant alimtazama kutoka juu, masikio yamemwiva.

"Kwa nini hukudanganya, ukasema hata ni panya? Wewe, mdomo wote huo?"

"Nilitaka kusema."

"Ungesema panya ningekata."

"Kwa nini?"

"Panya hawaishi. Leo umeua, kesho wako wengine. Ningekata nilale." Akamtazama Boaz aliyejikunyata pembeni ya mlango, mtu mzima, mikono imeshikana kama anasubiri viboko. "Mtu ukimwambia, anaacha."

Melania akafumba macho. Akasikia *ka!*

Alipofumbua, televisheni ilikuwa imebaki na mkia wa waya unaoning'inia, na ule mweusi ulikuwa juu bado, umechunwa, una kidonda, lakini umeshika. Nikhil alikuwa ameshapanda kigoda cha pili. Alikata pale palipochunwa, akaweka vichwa viwili vipya na kiungo, akavikaza kwa meno na koleo la baba yake. Melania alikimbilia chumba cha mbele akiwa peku. Folda ikafunguka. Kijitabu kikafunguka. Neno lake lilikuwa limehifadhiwa. Akaamuru printa, nakala zote.

Barazani, mmoja mmoja, kila mtu alikumbuka ameacha chungu jikoni. Mwenye mkeka aliubeba kwa siri kama mtoto wa kuiba. Kabla hawajafika kona, Melania aliwasikia wanaanza kusimuliana, na alijua kwamba kufikia kesho lile bega litakuwa limepata kichwa, mikono, na mume.

Boaz aliketi kwenye mkeka mtupu mbele ya kioo chenye chenga. "Duara halikutema, shemeji," alisema bila kugeuka. "Mgawo wangu ulikuwa huu. Nikasema nitarudije mikono mitupu, mji mzima unanisubiri. Kesho nitapanda lori nirudi."

"Kwanza zima hicho kitu," Melania alisema. Akaizima yeye mwenyewe.

Kisha akaenda kusimama ukutani, mahali pake pa kupokelea karatasi, na Marselino nyuma yake. Jashvant alikuwa ameondoka bila kuaga, na Nikhil amemfuata. Upande wa pili kulikuwa kimya. Hakuna aliyepanda kreti. Hakuna mkono uliotokeza na karatasi. Melania alisikiliza. Huenda amebadili mawazo. Huenda amekwenda kuuchomoa kwa upande wake, sebuleni kwake, kwenye kiti chake, bila hata koleo. Waya juu ya kichwa chake haukumwambia kitu. Waya hausemi kama umekufa.

"Mama Bernadina!"

Sauti haikutoka ukutani. Ilitoka langoni. Induben alikuwa amesimama pale, mwanamke mnene mwenye nywele za mvi na unga mpaka kwenye viwiko, ambaye kwa miaka yote ya ujirani wao alikuwa akizungumza naye kupitia juu ya ukuta.

"Karatasi zimetoka zote, ziko mezani kwangu. Baba Nikhil anazipanga, anasema wewe ukurasa wa nne umeuweka mbele ya wa tatu."

"Si kweli!"

"Nami nimemwambia. Ila mimi kitabu cha padri sikirushi juu ya ukuta, ni dhambi hata kwetu. Njoo ukichukue mwenyewe."

Kutoka ndani ya nyumba yake ikasikika sauti ya Jashvant, kali kama kawaida: "Na huyo wa televisheni! Mwambie aje aone picha zinakotoka!"

Melania aligeuka. Boaz alikuwa mlangoni mwa chumba cha uani, amesikia, hajui aweke wapi mikono yake.

"Umesikia," Induben alisema, akijifuta unga kwenye sari. "Na wewe Baba Katekista, gari lako halijapiga honi bado, tutalisikia. Dengu imeiva, chapati ziko motoni. Njooni, vueni viatu, ingieni mle."